Moto wa Kufukuzia Mazuku

Papa aliamini kwamba Mama aliuawa na mazuku. Mtaa mzima uliamini hivyo, na mimi nikawaacha waamini, kwa sababu ilinifaa.

Kwa msomaji asiyetoka huku kwetu Gisenyi, mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini, kwenye nchi hii ya mlima wa moto. Haina rangi, na pua haishtuki. Ni nzito, kwa hiyo hukaa chini, kwenye mashimo na mabonde. Mbuzi anashuka kula majani, anapiga magoti, basi, hasimami tena. Mtoto anamfuata mbuzi wake, naye habari yake inaishia hapohapo. Mambo haya mtu hafundishwi shuleni, anakua nayo tu. Na kuna jingine tunalolijua sote, wakubwa kwa wadogo: mazuku huzima moto. Ukishusha mshumaa shimoni ukazimika, usishuke. Ukiendelea kuwaka, hewa ni nzuri.

Hilo la mwisho ndilo lililotumaliza.

Nyumba yetu aliijenga babu, mzaa baba. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge na chumvi, mtu wa kuvuka mpaka kwenda Goma asubuhi na kurudi jioni, na alikuwa na ugonjwa wa kutamani: akiona kitu kizuri kwa mwenzake, halali mpaka na yeye akipate. Akaona nyumba za wazungu kule ufukweni zina mahali pa kukokea moto sebuleni, na bomba la matofali la kupandishia moshi mpaka juu ya paa. Akarudi na neno lake la Kifaransa, shemine, akajenga ya kwake, mdomo kwa mawe meusi ya volkano na bomba kwa matofali, kubwa kuliko sebule yenyewe ilivyohitaji. Mtaa wetu ni wa Waislamu wa cherehani na maduka madogo. Wote walikuja kuitazama. Wakatoka wanasema babu ana kichaa, kisha jioni wakarudi kuota moto.

Papa aliirithi nyumba na kichaa chake. Aliipenda ile shemine mpaka Mama akaipa jina la bi mkubwa. "Enda, bi mukubwa yako anakuita, ana njaa," Mama alikuwa anamwambia mvua ikianza, na Papa anainuka kwenda kuweka kuni huku anacheka. Mama mwenyewe ndiye aliyekaa pale kuliko sisi wote. Alikuwa na baridi ya mifupa, ile isiyosikia sweta wala blanketi. Kiti chake kilikuwa upande wa kulia wa moto, na ukimkuta mtu mwingine amekikalia unajua ni mgeni.

Kila mwaka, kabla ya mvua za mwezi wa tisa, Papa alipanda juu ya mabati na kamba ya katani. Mwishoni mwa kamba alifunga jiwe, na juu kidogo ya jiwe alifunga matawi ya mkaratusi akayakaza kama fagio. Jiwe linatangulia, matawi yanafuata yakisugua. Mimi kazi yangu ilikuwa chini sebuleni, kushika gunia kwenye mdomo wa shemine masizi yasitapakae. Jiwe likigonga chini nasema imefika, naye anavuta, anashusha tena, mara kumi, mara ishirini. Masizi yanajaa karai. Mengine yalikuwa makavu kama unga, mengine yameganda na kung'aa kama lami, na hayo Papa aliyaogopa zaidi. Alisema hayo ndiyo hushika moto ndani ya bomba yakachoma nyumba. Akimaliza anashuka, anainama na kioo chake cha kunyolea, anakiingiza ndani na kuangalia juu. Akiona kipande cha mbingu, anawasha. Asipoona, anarudi juu ya bati. Wala hakuwa fundi wa kusomea. Ni mtu tu aliyeheshimu moto wake.

Halafu mlima ukatapika.

Sitaki kueleza sana siku zile, wengi wameshaeleza. Mbingu ilikuwa nyekundu upande wa Goma, kisha ardhi ikaanza kutetemeka, ikatetemeka siku nyingi mfululizo, mara ngapi kwa siku sijui, mtu aliacha kuhesabu. Tulikimbilia Mahoko kwa mama mdogo, mdogo wake Mama. Tulitembea sehemu kubwa ya njia, na magoti ya Papa yaliharibika huko huko. Tuliporudi tulikuta nyumba imesimama, tukashukuru. Sakafu ya sebule ilikuwa na ufa kutoka mlangoni mpaka karibu na shemine, unaingiza kidole. Shemine yenyewe kwa nje ilikuwa wima kama askari, haina hata mkwaruzo.

Papa akaniita. Alikuwa amekaa na miguu juu ya kigoda, amepakwa dawa. Akaninyooshea ile kamba.

"Mi siwezi tena kupanda," akasema. "Kamba iko yako sasa. Utafute fundi, umusimamie. Mwaka hii ni lazima, udongo imetingishika. Na uangalie na kioo."

Nikapokea kamba. Nilikuwa na nguo kumi na tano za harusi za kushona mezani, na mtu wa harusi hajui kusubiri, hata mlima ukitapika. Nikasema nitamtafuta fundi wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine. Kamba nikaifunga uani kuanikia nguo, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imekatika, na ilikuwa kamba nzuri.

Siku moja mwanzo wa mvua Papa akaniuliza.

"Fundi alikuja?"

"Alikuja, Papa, ulikuwa musikitini."

"Uliangalia na kioo?"

"Niliangalia."

"Uliona mbingu?"

"Niliona."

Nilikuwa na pini mdomoni nikisema hivyo, nikipinda mkono wa gauni, na hata sikunyanyua uso. Ulikuwa uongo mdogo wa mtu mwenye kazi nyingi, wa kumwondolea mzee wasiwasi mpaka nipate nafasi. Ninajua watu watasema wao wasingeusema. Haya, hongera zao.

Moto wa kwanza wa mvua ile ulitufukuza sebuleni. Moshi ulikataa kupanda, ukarudi ndani, tukakohoa, macho yakatoka machozi, Mama akasema bi mkubwa ana wivu leo. Papa aliinama akatazama, akanusa, akafikiri. Mtu aliyefagia bomba lile zaidi ya miaka thelathini, angejua moja kwa moja kwamba limeziba. Lakini lilikuwa limefagiwa, si binti yake kasema? Ameona na mbingu. Basi akatafuta kosa mahali pengine, akalipata kwenye kuni.

"Kuni ya siku hizi iko mubichi," akasema. "Wanakata leo, wanauza leo."

Pale ndipo ningesema. Nilifungua mdomo, nakumbuka. Lakini Papa alishamtuma mtu gunia la makaa, na jioni ile aliyapanga makaa mahali pa kuni, akayapuliza, yakaiva mekundu mazuri, na moshi hata kidogo hapakuwa. Papa akafurahi. "Unaona? Makaa iko safi." Mama akarudi kwenye kiti chake. Moshi ulipokwisha na uongo wangu ukapoa, nikarudi kwenye nguo zangu. Moshi ulikuja kutuambia kitu. Tuliunyamazisha.

Mama akaanza kuumwa kichwa.

Kwanza kilikuja mchana na kuondoka. Miezi ikapita, kikawa hakiondoki. Akawa anachoka kwa kuinua kikombe, anasahau rakaa, anasinzia katikati ya neno. Tulisema ni presha. Tulisema ni uzee. Mimi mwenyewe, Jumamosi za umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, nikishatoka kufagia mtaro na majirani nikabaki nyumbani, ilipofika alasiri kichwa kilinigonga, nikasema ni jua. Siku nyingine nilikuwa sokoni kutwa kwenye cherehani yangu na sikuumwa. Papa alikuwa na sala zake tano msikitini, anatoka, anatembea polepole, anarudi. Aliyekaa ndani asubuhi mpaka jioni, pembeni ya moto, ni Mama peke yake.

Nilimpeleka kwenye kituo cha afya. Nesi alikuwa msichana mpole, akampima presha, akamchoma kidole kuangalia malaria, hakuna kitu. Akauliza kwa upole kama huwa tunaingiza mbabula ndani, lile jiko dogo la makaa, kwa ajili ya baridi.

Nikakasirika. Mnisamehe, ndivyo nilivyo, hasira yangu iko karibu kama mate. Niliona anatuchukua kama watu wa kupikia chumbani. Nikamwambia sisi jiko letu liko uani, na sebuleni tuna shemine, moshi unapanda juu, babu aliijenga kabla yeye hajazaliwa. Nesi hakuwahi kuona shemine. Akatazama chini, akaandika vidonge vya maumivu. Alikuwa ameshaweka kidole chake juu ya jambo lenyewe, na mimi nikamwondoa kwa majivuno.

Mama mdogo akaja kutuona, akamchukua dada yake Mahoko kwa wiki moja. Niliwatembelea siku ya nne nikamkuta Mama anachambua maharage, anapiga hadithi, anamtania mama mdogo kwamba chai yake nyepesi kama ya hospitali. Kichwa kilikuwa kimeondoka. Nikarudi na habari hiyo kama mtu aliyepata ufunguo. Nikamwambia Papa: Mahoko ni mzima, hapa ni mgonjwa, basi ubaya uko hapa ndani ya nyumba. Tukatazama sakafu, wote wawili kwa wakati mmoja. Ule ufa.

"Mazuku," akasema Papa.

Nani angebisha? Ardhi ilikuwa imepasuka, mlima ulikuwa umetapika, na mtaani tayari palikuwa na maneno kwamba mazuku yanatokea mahali pasipokuwa na mazuku zamani. Lisemwalo lipo. Tukawasha mshumaa, nikaushusha mpaka kwenye ufa. Mshumaa uliwaka vizuri, wala haukutikisika. Mtu mwenye akili angesema, basi hakuna mazuku hapa. Sisi tulitazama makaa yaliyokuwa yanawaka pembeni, tukasema moto umeyafukuza.

"Mazuku na moto haikai nyumba moja," Papa akasema. "Moto ikiwaka, jua hewa iko nzuri. Tusiache izimike."

Kuanzia siku ile ule moto ukapewa kazi ya mlinzi. Tulinunua simenti, tukaziba ufa. Chini ya ukuta wa nje kulikuwa na matundu mawili ya hewa, babu aliyaacha alipojenga, hatukujua ya nini. Tukayaziba pia, kwa sababu mazuku hutambaa chini na yangeweza kupitia pale. Chini ya mlango nilishona mto mrefu wa kitenge, nikaujaza vipande vya nguo, wa kuzibia upenyo. Nilishona vizuri, kwa mishono miwili. Kiti cha Mama tulikipandisha juu ya matofali, awe mbali na sakafu. Waswahili wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliuziba.

Kisha nikaenda Mahoko kumchukua. Hakutaka kuja. Alikuwa ameketi kwenye mkeka kwa dada yake, miguu ameinyoosha.

"Niache hapa kidogo," alisema. "Hapa mi nalala vizuri."

Nikamwambia Papa yuko peke yake, anakula chakula baridi. Nikamwambia tumeziba kila mahali, nyumba imekuwa salama kama sanduku. Mama mdogo alisema mwache amalize mwezi, nikamjibu vibaya, nikasema ana mume wake, si mjane wa kuhamahama. Tulipanda taksi Mama akiwa na kikapu cha maharage mapajani. Nilimrudisha kwa sababu simenti ilikuwa imekauka.

Aliishi siku kumi na moja.

Siku ya mwisho ilikuwa mvua ya kufunika ziwa, ile ambayo sokoni hatusikilizani chini ya mabati. Papa aliniambia baadaye, na aliwaambia watu wengi, ndiyo maana nayajua yote. Mama alilalamika joto na kichwa. Papa akafunga madirisha mvua isiingie, akaongeza makaa, akampa shali. Adhana ya alasiri ikalia, akatoka na mwavuli. Mvua ikamshika msikitini, akakaa na wenzake mpaka ipungue. Aliporudi alimkuta Mama ameinama, mkono umeanguka pembeni ya kiti, na moto unawaka vizuri kabisa. Akadhani amelala. Akamfunika blanketi. Alikaa naye kidogo, akaona kichwa chake mwenyewe kinazunguka, akatoka barazani kupunga hewa. Mimi ndiye niliyeingia nikitoka sokoni, na mimi ndiye niliyegusa mkono.

Wanawake waliomwosha walisema midomo yake ilikuwa myekundu, imeiva kama ya bibi harusi. Walisema ni dalili ya mwisho mwema. Msiba ulijaa. Kila aliyeingia alitazama ule mstari wa simenti sakafuni, akatikisa kichwa, akasema mazuku hayana dawa. Wakasema kazi ya Mungu haina makosa. Papa aliwaeleza mmoja mmoja jinsi tulivyopigana: ufa, matundu, mlango, kiti juu ya matofali. "Na moto," alisema, "moto haikuzimika hata siku moja." Wakamsifu. Na mimi pia wakanisifu. Mtoto wa kike kama huyu, walisema, Mungu atujalie sote mfano wake.

Baada ya kisomo cha arobaini Papa akasema mwaka umezunguka, nitafute fundi wa shemine kabla ya mvua. Safari hii nilimtafuta siku ileile. Ndivyo mwanadamu alivyo.

Fundi alikuwa mtu mzima aliyekulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka, maneno machache. Papa alikuwa amekwenda makaburini. Nilifungua kamba uani, nikatoa vibanio vya nguo, nikampa. Akapanda. Nikakaa chini na gunia langu kama zamani, nikingoja jiwe. Halikufika. Nikamsikia juu anavuta na kushusha, anavuta na kushusha, halafu kimya. Akashuka, akagonga ukuta wa bomba kwa nyundo taratibu, kutoka chini kwenda juu, akitega sikio. Kwenye kimo cha kifua chake mlio ukabadilika. Akaniomba ruhusa ya kutoboa.

Alipotoa matofali mawili, nilichungulia. Ndani bomba lilikuwa limejaa. Matofali ya ndani yalikuwa yamebomoka kwa lile tetemeko na kuangukiana, na juu yake masizi, na juu ya masizi vijiti vya kiota cha kunguru. Kwa nje shemine ilisimama wima, ndani ilikuwa imekufa tangu mwaka ule wa mlima.

"Dada, hapa hapiti hata mende," fundi akasema. "Nani alifagia hili bomba mara ya mwisho?"

Nikainama kuzoa masizi kwenye gunia. Akaangalia sebule, akaona matundu ya chini yamezibwa, akauliza ni kwa nini. Nikamwambia mazuku. Akakaa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, akanieleza bila kuninyanyasa. Kwamba yale matundu yaliachwa makusudi ili moto uvute hewa. Kwamba makaa hayana moshi lakini yana sumu, nayo haionekani na hainuki, na bomba likiziba inarudi kwa aliyekaa karibu. Inaanza na kichwa, kisha usingizi, na anayeuawa nayo hubaki na midomo myekundu. Kwamba bomba ni la kufagiwa kila mwaka, na ardhi ikitetemeka ni la kuchunguliwa ndani, nje hakusemi kitu.

"Mazuku yanazima moto," alisema. "Hii inatoka kwenye moto wenyewe. Moto ukiwaka vizuri, nayo inatoka vizuri."

Nilimwomba azibe mdomo wa shemine kwa matofali, palepale, siku hiyohiyo. Nikamwomba asimwambie mzee. Akasema yeye kazi yake ni matofali.

Papa aliporudi nikamwambia tetemeko limeidhoofisha, inaweza kutuangukia. Uongo nilishauzoea. Alisimama mbele ya ukuta mpya ulio na simenti mbichi, akauliza swali moja: "Na mazuku ikikuja, tutajua je?" Nikamwambia ufa umezibwa, hayatakuja. Akaniambia mazuku hayapigi hodi.

Wiki ya pili nikaona majivu kwenye mlango wa chumba chake. Alikuwa ananunua makaa mwenyewe na kuingiza mbabula ndani baada ya sala ya magharibi, dirisha amelifunga na kulishindilia kitambaa. Nikaichukua mbabula nikampa jirani. Akanunua nyingine. Nikamgombeza kama mtoto, nikamwambia atachoma kitanda. Akanisikiliza, akasema mama yako alikufa siku nilipouacha moto bila mtu wa kuuchochea, mi sitarudia kosa. Nikaanza kuacha dirisha lake wazi nikitoka, naye alilifunga nikishatoka. Hasira zilinitoka, nikazirudisha, kwani kila nilichotaka kumwambia kilikuwa na mlango mmoja tu, na mlangoni nilisimama mimi na pini zangu mdomoni.

Majirani nao walianza. Mama wa nyumba ya pili aliingiza mbabula kwa mkwe wake mgonjwa, akaniambia amejifunza kwetu. Nilimwambia atoe. Nilimwambia makaa ndiyo yanaua. Akanitazama kwa huruma, akasema msiba unachanganya watu, sisi tulichelewa kujua, angalau yeye amewahi.

Halafu asubuhi moja Papa hakwenda alfajiri msikitini. Nilimkuta ameinama ukingoni mwa kitanda, ametapika, anashika kichwa kwa mikono miwili. Mbabula ilikuwa pembeni ya miguu yake, majivu bado ya moto. Nilimtoa barazani kwa kumkokota, nikamwegemeza ukutani. Alikaa pale mpaka rangi ya macho ikamrudia. Nikamletea chai. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mazuku yamerudi, na kama si moto yangemmaliza.

Nikakaa chini mbele yake.

"Papa, haikukuwa mazuku," nikasema.

Nikamweleza. Bomba lilivyojaa, makaa, matundu ya babu, midomo ya Mama. Alinifuata neno kwa neno, kama anayekagua hesabu ya mtoto. Nilipomaliza akatingisha kichwa, akasema haiwezekani, bomba lilikuwa safi, fundi alikuja mwaka ule.

"Fundi hakukuja," nikasema. "Nilikudanganya. Sikuangalia na kioo. Sikuona mbingu."

Nilingoja anipige, au anilaani. Nilitaka hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kupokea, na labda ndiyo maana nilikaa chini, karibu na mkono wake. Hakunitazama mimi hata kidogo.

"Siku ile mama yako alisema makaa inatosha," Papa akasema. "Alisema mara mbili. Nikatia tena. Nikamwambia moto ikizimika, utakufa."

Nikamwambia kosa ni langu, yeye alitia makaa kwa sababu aliniamini. Nikalirudia, nikalia, nikamshika goti. Aliuondoa mkono wangu taratibu, akashika ukuta, akainuka. Aliingia chumbani, akatoka na ile mbabula, akaimwaga uani kwenye mvua mpaka ikanyamaza. Akarudi barazani, akaketi, akaichukua chai yake iliyokuwa imepoa.

"Ungeniachia mazuku yangu," alisema.